Bi Shuka wa Londri na Siku Tisa za Mgomo

Marehemu dada yetu, ambaye nusu ya mji huu ilimjua kwa jina la Bi Shuka na nusu nyingine imelalia shuka alizofua bila kujua, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1954, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la nafaka, ambako baba yake alikuwa mlinzi. Alikuwa mtoto wa kwanza. Baada yake walifuata wawili ambao hawakukaa, kisha mwaka 1962 akaja mdogo wake wa kiume, ambaye ndiye aliyeandika maneno haya na ndiye anayeyasoma. Wengi mnamwita Soli, kwa sababu alianza maisha akikata soli za viatu kiwandani. Basi kila mtakaposikia kwamba Soli alifanya hili au lile la ajabu, mjue ni huyu huyu aliyesimama mbele yenu. Mkitaka kucheka, chekeni. Marehemu alicheka kabla yenu.

Alianza shule Januari 1962 na kumaliza darasa la nane Novemba 1969. Alikuwa na mwandiko mzuri mno, hata mwalimu mkuu akawa anamtumia kuandika matangazo ya shule. Kuna kisa ambacho mama yake alikisimulia mpaka familia nzima ikakichoka. Shule ilikuwa ikijenga vyoo, na wasichana peke yao ndio walioambiwa wachote maji ya kukorogea saruji, huku wavulana wakicheza mpira. Safari ya tatu, dada alitua ndoo yake katikati ya uwanja, akaketi kando yake. Wenzake nao wakatua zao, wakaketi. Mpira ukafa. Mwalimu mkuu akamwita mzee, na mzee akamuuliza binti yake kulikoni. Akajibu, "Baba, wale nao wana mikono." Mzee akamtazama mwalimu, mwalimu akatazama saruji inayokauka, na kuanzia siku ile wavulana wakachota maji. Wapo wanaosema huo ndio uliokuwa mgomo wake wa kwanza. Soli hawezi kuthibitisha. Wakati huo alikuwa na miaka minne, na kazi yake kubwa ilikuwa kulia.

Tarehe 2 Mei 1974 aliajiriwa katika londri ya hospitali kuu. Jengo lenyewe mnalijua kwa nje: lile refu la nyuma ya jikoni, lenye bomba linalotoa mvuke kutwa nzima. Kwa ndani wanaolijua ni wachache. Shuka chafu hupokelewa upande wa kushoto, zikatengwa mafungu matatu, na fungu la tatu ni la zenye damu, za wodi ya wazazi na chumba cha upasuaji. Hizo huanza na maji baridi. Huloweshwa, husuuzwa, hubadilishiwa maji mpaka yatoke meupe, ndipo ziende kwenye mashine ya maji ya moto. Ukianza na moto, damu inaiva ndani ya uzi na haitoki tena, hata uje na sabuni ya malaika. Bi Shuka aliwafundisha hilo wafanyakazi wapya kwa miaka arobaini, na kwa sauti ambayo haikuhitaji kipaza sauti.

Ni londri hiyo hiyo iliyomletea mume. Dereva mmoja wa gari la wagonjwa alileta furushi la shuka bila kulikagua, na ndani yake mlikuwa na mkasi. Bi Shuka akamfuata mpaka garini na mkasi mkononi. "Wewe dereva, umeniletea mkasi kwenye shuka. Ningekatika kidole, ungenioa?" Dereva akajibu, "Hata kisipokatika nitakuoa." Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 16 Desemba 1978, wakajaliwa watoto watatu. Shemeji ndiye yule aliyekaa mstari wa mbele na kofia mapajani. Hajapungukiwa majibu hata leo, ila leo tumwache apumue.

Kwa kawaida kazi ya marehemu husimuliwa kwa aya moja. Ya huyu haitoshi, na mwenye haraka atusamehe.

Mwaka 1992 uchumi uliyumba, na mtu akikuambia ulikuwa mwaka mgumu, muulize alikuwa anakula mara ngapi kwa siku. Ijumaa ya tarehe 31 Januari, Soli na wenzake mia tatu walifika kiwandani wakakuta mnyororo getini na karatasi moja iliyobandikwa. Unga ukamwagika hivyo hivyo, bila hata mtu wa kuwaambia poleni. Kufikia Machi, Soli na mkewe na watoto wao wawili walikuwa wamehamia sebuleni kwa dada, na godoro walilolalia lilikunjwa kila asubuhi ili watu wapate kupita. Dada hakulalamika hata siku moja. Aliyelalamika ni Soli. Alilalamika chai haina maziwa, akalalamika redio, akalalamika watoto wa shemeji wanakoroma. Mtu mzima aliyekosa kazi anakuwa mgonjwa wa ulimi.

Mwezi Juni serikali ikatangaza kwamba mishahara ya watumishi wote wa umma itapunguzwa kwa moja ya tano, kwa muda. Muda gani, haikusema. Bei ya mkaa na nauli haikupunguzwa na mtu yeyote. Bi Shuka, aliyekuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi hospitalini, akaitisha mkutano. Kura zikapigwa, wakakubaliana kugoma kuanzia Jumatatu, tarehe 13 Julai.

Hapo ndipo mji ulipomgeuka. Ilikuwa rahisi kuelewa kwa nini, na ndiyo maana iliuma. Fundi cherehani wa jirani, mama ambaye hakuwa amepata mteja wa kueleweka tangu mwaka uanze, alimwambia dukani mbele ya watu, "Sisi wengine hatuna mshahara hata wa kukatwa! Ninyi mnalipwa kwa kodi zetu, mnashinda kivulini, na bado mnagoma. Mna roho za namna gani?" Mwenye duka naye akamhudumia Bi Shuka wa mwisho, ingawa alifika wa kwanza. Siku mbili baadaye mtu akaandika WAVIVU kwa mkaa kwenye ukuta wa nyumba yake, herufi kubwa kubwa. Bi Shuka akatoka na kikombe cha chai, akasimama akasoma, akasema, "Mwandiko wenyewe mbaya," akarudi ndani.

Lakini la nyumbani lilikuwa baya kuliko la ukutani. Jumapili ya tarehe 12, mchana, watu wote tisa wakiwa mezani, Soli alisukuma sahani na kusema, "Dada, kesho usiende kwenye huo mgomo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu una kazi! Mimi ningepewa hiyo sehemu iliyobaki baada ya kukatwa, ningepiga magoti nikashukuru. Ninyi watu wa serikali mnadeka."

Dada hakupandisha sauti. "Wakinikata mimi, wewe wanakuletea hicho kipande?"

"Sijasema hivyo."

"Kiwanda kikifunguliwa kesho, mwenye kiwanda atakulipa kama zamani wakati hata serikali inalipa pungufu? Atakuambia nini? Atakuambia shukuru, dada yako wa hospitali analipwa hivyo hivyo."

Mtu aliyezidiwa maneno hubamiza mlango, na Soli akainuka. Akabamiza. Shemeji akasema, "Taratibu, mlango tulio nao ni huo huo."

Sasa, kuna jambo ambalo redio haikulisema, na lisemwe hapa. Kabla ya kugoma, watu wa londri walifanya zamu mbili kwa siku kwa siku nane, wakajaza kabati la dharura: shuka za wazazi, gauni na vitambaa vya upasuaji, vya kutosha wiki mbili kwa wanaojifungua na waliopata ajali. Ufunguo wakamkabidhi mkunga mkuu. Hakuna mama aliyejifungulia godoro tupu, na hakuna majeruhi aliyerudishwa. Lakini mkurugenzi wa hospitali alisema redioni kwamba wagonjwa wametelekezwa, na kwamba wapo watu wengi mitaani wanaoitaka kazi hiyo kwa nusu ya mshahara. Wafike Jumatano asubuhi, mlango wa nyuma.

Jumatano ya tarehe 15 Julai, saa moja asubuhi, watu arobaini walipanga foleni mlango wa nyuma wa hospitali. Wote walitoka kiwanda cha viatu. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Soli.

Hakuwa amemwambia mtu. Aliondoka nyumbani akijitia anaenda kutafuta kibarua cha kupakua magunia. Lakini wagomaji hawakuwa watoto, walijua milango yote ya hospitali, na wachache wao walikuwa wamesimama pale, Bi Shuka akiwa katikati yao. Soli alimwona. Akatamani ardhi impasukie. Wagomaji walianza kuzomea, mmoja akataka kumkunja shati, dada akamzuia kwa mkono. Akamsogelea mdogo wake, akamtazama kuanzia viatu mpaka kichwani, akauliza, "Umekunywa chai?"

Soli akasema ndiyo. Alikuwa hajanywa. Akaingia ndani.

Yaliyotokea humo ndani kwa siku tatu, Soli ameyaficha miaka thelathini na zaidi, leo anayatoa. Msimamizi aliyewapokea alikuwa karani wa stoo ambaye hakuwahi kufua hata leso yake. Akawaonyesha lundo, akawaonyesha mashine, akaenda zake. Watu wakajikuna vichwa. Ndipo Soli alipojitokeza kuwa kiongozi. Alikuwa mjinga, ndiyo, lakini mjinga mwenye uzoefu, na hao ndio hatari. Kiwandani kwao, kila kilichokataa kilitiwa moto. Gundi ikikataa, moto. Mpira ukikataa kupinda, moto. Sasa akaona shuka zina damu iliyokauka, ngumu kama ngozi, na wenzake wote ni watu wa viatu. Akatoa amri: "Fungulieni boila mpaka mwisho!"

Wakazipika. Hakuna neno jingine. Mafungu yote matatu kwa pamoja, shuka, foronya, gauni za madaktari, mpaka maji yakatokota. Zilitoka na mabaka ya kahawia ambayo hayajaondoka mpaka kesho. Soli akasema hazijapata moto wa kutosha, wakarudia. Siku ya pili wakarudia tena kwa magadi. Mikono iliwatoka malengelenge, mmoja akazimia kwa mvuke, Soli mwenyewe akachomwa na sindano iliyosahaulika ndani ya mkunjo wa shuka, akaishi na hofu mpaka alipopimwa. Kufikia Ijumaa walikuwa wameharibu shuka mia sita. Daktari wa upasuaji akaja mwenyewe, akainua gauni lililosimama wima bila mtu ndani, akauliza kwa upole, "Nani amepika hizi?"

Watu thelathini na tisa wakamtazama Soli.

Angeweza kutoka kwa mlango wa nyuma. Aliufikiria sana. Badala yake alichukua shuka moja, akapita ukumbi wa hospitali, akatokea geti kuu saa sita mchana, mahali wagomaji walipokuwa wamekaa chini na mji umesimama kuwazomea. Fundi cherehani alikuwepo, na sauti yake ilikuwa juu ya wote. Soli akapita katikati ya watu na shuka lake la mabaka, akasimama mbele ya dada yake.

"Dada," akasema, "hii inatokaje?"

Watu waliangua kicheko ambacho Soli bado anakisikia akilala. Dada hakucheka. Alilipokea shuka, akalisugua kwa kidole gumba, akasema, "Haitoki tena, Soli. Mlianza na moto."

"Tulianza na moto."

Fundi cherehani, kwa kuwa ni mtu wa vitambaa na hakuweza kujizuia, akasogea akalishika. Akavuta nyuzi, akalinusa, akalitazama kwenye mwanga. "Kitambaa hiki kimekufa," akasema. Kisha akamgeukia Bi Shuka. "Na wewe ungefanyaje?" Bi Shuka akamweleza, mafungu matatu, maji baridi, kubadilisha, kusuuza, kuangalia rangi ya maji, ndipo moto, na moto kiasi gani. Alieleza kama dakika tano, na geti zima likawa linasikiliza habari za kufua. Fundi akashika kiuno. "Kumbe huu ni ufundi!"

Na hapo Soli akapata sauti. Akapanda kwenye kizingiti cha geti, akawaambia watu: "Mimi nilikuwa nasema kama ninyi. Nilimwambia huyu dada yangu anadeka, nikiwa nakula chakula chake. Nimekaa kwenye hicho kivuli chao siku tatu. Tazameni mikono yangu. Anayetaka kazi hii kwa nusu mshahara, mlango wa nyuma uko wazi, aende. Mimi nimetoka." Nyuma yake, mmoja mmoja, wakaanza kutoka watu wa viatu, wote thelathini na tisa, hata aliyezimia, wakaja wakakaa chini pamoja na wagomaji. Mkunga mkuu naye akatokea na ufunguo wa kabati la dharura, akauinua watu wauone, akaeleza vilivyomo kabatini na waliovijaza humo. Waliokuja kuzomea hawakujua waweke wapi midomo. Kufikia jioni fundi cherehani alikuwa ameleta benchi lake kutoka anakoshonea, ili akina mama wa londri wasikae chini.

Jumanne ya tarehe 21 Julai, siku ya tisa, mkurugenzi aliwaita, barua kutoka serikalini mkononi. Upunguzaji wa mshahara ulifutwa kwa hospitali nzima, kuanzia wauguzi mpaka wafagiaji, na glavu zikaagizwa. Bi Shuka hakuweka kalamu kwenye karatasi. Akasema kuna sharti moja limesahaulika: londri ina upungufu wa watu tangu mwaka themanini na sita, na nafasi zikijazwa, wachukuliwe kwanza wale vibarua wa kiwanda cha viatu, wafundishwe, walipwe mshahara kamili.

Mkurugenzi akatoa macho. "Hao waliokuvunjia mgomo?"

"Hao hao. Hakuna watakaokumbuka maji baridi kuliko hao."

Mkurugenzi akasaini. Habari ilipofika getini, jamani, mji huu haujapiga kelele namna ile tena. Shemeji aliwasha king'ora cha gari la wagonjwa akazunguka nalo uwanja mara tatu, kosa ambalo aliandikiwa barua na barua hiyo ameitia fremu. Watu kumi na wawili wa viatu walipata kazi. Soli alikuwa wa kumi na mbili, kwa sababu dada aliliweka jina lake mwisho, asije mtu akasema amempendelea ndugu yake. Soli alinuna miezi saba. Aliajiriwa Februari 1993, akawekwa fungu la tatu, na mwalimu wake mnamjua.

Bi Shuka alistaafu tarehe 31 Agosti 2014. Katika miaka yake ya ukatibu mshahara wa londri haukupunguzwa tena hata mara moja, ingawa walijaribu mara mbili. Mwaka 2021 kifua kikaanza kumsumbua, mvuke na dawa za miaka arobaini zikidai chao. Alilazwa mara ya mwisho tarehe 30 Oktoba 2023, katika hospitali ile ile. Kitu cha kwanza alichofanya kitandani ni kuvuta pembe ya shuka, kuinusa, na kuuliza nani yuko zamu. Vijana wa londri wakaja kumsalimia wakiwa wamejipanga kama wanakaguliwa, na walikuwa wanakaguliwa kweli. Mkurugenzi wa sasa akaja na maua. Dada akamwuliza, "Wanalipwa kwa wakati?" Alifariki Jumanne, tarehe 14 Novemba 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa, mumewe akimshika mkono mmoja na mdogo wake mwingine.

Ameacha mume aliye dereva mstaafu, mabinti wawili na kijana mmoja, wajukuu saba, fundi cherehani aliyekuwa adui yake wiki moja na rafiki yake miaka thelathini na mmoja, na wafanyakazi wote wa londri, ambao leo wameruhusiwa kuja kuzika kwa likizo yenye malipo kamili, kifungu ambacho aliwapigania mwenyewe mwaka 1998. Ameacha pia mdogo wake, aliyepita mlango wa nyuma. Soli alitaka kuomba msamaha kwa miaka yote hiyo, na kila alipoanza, dada alimkatiza kwa kumtuma kitu jikoni. Leo hawezi kumkatiza. Dada, nisamehe. Ulikuwa sahihi, na ulishinda, na ulinifanya na mimi nishinde pamoja nawe nikiwa nimesimama upande usio sahihi.

Mungu ampokee na kumpumzisha dada yetu. Na kama huko alikokwenda kuna kazi, wamlipe vizuri. Wasipomlipa, watamjua.